Wiski ya Kabati la Mama

Sehemu ya Tano

Wiki iliyopita mliniacha kituo cha basi, mvua ikininyeshea, nimevaa sare ya shule ambayo sikuwa tena na haki ya kuivaa. Ahsanteni kwa kunisubiri. Baba yangu hakunisubiri. Alisahau kuja kunichukua.

Kwa msomaji aliyechelewa kuingia darasani: mimi ni Struan Kilgour, umri miaka kumi na sita, kazi yangu ukosaji. Nilimwingiza kondoo jike katika kanisa la shule ya bweni. Akapanda mimbarini. Wimbo wa pili ulipoanza, akazaa mapacha.

Kwa hilo peke yake ningefokewa tu. Kilichoniponza ni kwamba nilisimama mbele ya mkuu wa shule, mkono kifuani, nikashuhudia kuwa kondoo aliingia mwenyewe kwa kumtafuta Mungu.

Nikasimamishwa. Bodi ikamteua mjumbe wake mmoja, Bwana Cuthbert Gilchrist, mzee wa kanisa mwenye mashamba ng'ambo ya mto wetu, aje nyumbani siku ya Jumamosi moja, ale nasi, atupime, kisha aamue kama nirudi shule au nisirudi.

Nisiporudi, Baba alikwisha kunitafutia nafasi katika kiwanda cha kuchinja kondoo, idara ya matumbo. Kondoo, mnaona, hawasahau.

Basi nilitembea na mvua yangu hadi nyumbani. Nikamkuta Baba gereji, amepiga magoti mbele ya chombo cha shaba kinachong'aa, kama mtu aliyeokoka jana.

"Baba, nimefika."

"Funga mlango. Joto linatoka."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho. Nikaenda jikoni kwa Bibi Isbel, mama yake Baba, ambaye angalau aliniangalia.

"Umekonda," akasema. "Au ni aibu?"

"Ni mvua, Bibi. Kile cha gereji ni kitu gani?"

"Mtambo wa wiski. Baba yako amechoka kulewa polepole."

Lazima niwaeleze kuhusu Baba. Kazi yake ni kuendesha lori la kukusanya maziwa mashambani. Mapenzi yake ni kupika bia. Bia yake imewahi kupata nishani kwenye maonyesho ya wakulima, na nishani zenyewe zimetundikwa gereji juu ya friji, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Mama alivuka kwenda Perth, Australia, majani yalipoanza kupukutika. Alikwenda kwa wiki mbili, kumsaidia dada yake. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo.

Tangu hapo bia ikawa haimtoshi Baba. Alihitaji kitu cha kumshughulisha mikono. Nchi yetu humruhusu mtu kukeneka pombe kali, yaani kuivukiza na kuikinga tone kwa tone, nyumbani kwake, ilimradi asiiuze, na mtambo unauzwa dukani kama birika. Jambo hilo lilimuudhi sana Bibi.

"Enzi zetu mtambo ulifichwa kule milimani Hokonui," akasema. "Polisi wakiuona moshi, watu mbio. Leo mtu anaununua mchana, na muuzaji anamwambia karibu tena! Pombe isiyo na dhambi itakuwa na ladha gani?"

Akavaa mabuti yake ya mpira, tukaenda wote gereji kuangalia. Baba alikuwa anamimina bia kwenye mtambo, ndoo baada ya ndoo.

Bibi akanusa. Uso ukambadilika.

"Dougal. Hiyo bia ina hopsi?"

Hopsi ni yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu wake. Bia ya Baba ilikuwa nayo tele. Ndiyo iliyomletea nishani.

"Bia nzuri huzaa wiski nzuri, Mama."

"Na ng'ombe mzuri huzaa farasi mzuri. Dougal, wiski inatoka kwenye shayiri tupu. Hayo maua ukiyachemsha yanapanda na mvuke. Shangazi yangu wa milimani angekuchapa."

"Shangazi yako hakupata nishani."

"Alipata miezi mitatu jela. Hiyo ndiyo nishani."

Baba akacheka kidogo, kisha akawasha moto. Mpika bia hakubali kuambiwa kwamba bia yake inaweza kuharibu kitu. Angeambiwa mkewe ni mbaya angevumilia. Na kwa kweli alikuwa amevumilia.

Mtambo ukaanza kutona. Matone ya kwanza yalinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Baba akayamwaga.

"Hiki kinaitwa kichwa. Kichwa ni sumu. Kinachofuata ni moyo, ndio wa kunywa. Mwishoni unakuja mkia, nao unatupwa."

"Kumbe ni kama kondoo," nikasema.

"Kule kiwandani hawatupi kitu. Utaona mwenyewe."

Nilitamani acheke baada ya kusema hivyo. Hakucheka.

Siku zikaenda. Tulikula viazi. Baba alizungumza na mtambo kuliko alivyozungumza nami. Jioni moja nilimwambia kwamba nataka kurudi shule, kwamba safari hii natubu kikweli, kwamba kule angalau mtu akikukasirikia anakutaja kwa jina. Akaniambia nishike taa vizuri.

Kisha siku moja nilikuwa natoka dukani, nikasikia msumeno chumbani kwa Mama.

Baba alikuwa amelilaza kabati la Mama sakafuni. Ni kabati la mwaloni, lilitoka kwa bibi yake Mama, na milango yake ilichongwa majani ya zabibu. Mlango mmoja ulikuwa vipande tayari.

"Baba! Unafanya nini?"

"Wiski bila mwaloni ni maji ya moto tu. Inataka kukaa kwenye mwaloni uliounguzwa, ndipo ipate rangi na utamu. Pipa sina. Mwaloni ninao."

"Hilo ni kabati la Mama."

"Mama yako yuko Perth."

"Na nguo zake?"

"Kitandani."

"Na akirudi?"

Aliyenijibu ni msumeno.

Alizipiga randa mbao mpaka vanishi yote ikatoka. Akaziunguza kwa moto wa kuchomelea vyuma, akazitumbukiza kwenye vyombo vya kioo pamoja na wiski yake. Baada ya muda wiski ikawa na rangi ya asali. Nakiri ilipendeza machoni. Shetani naye, kwa mujibu wa mwalimu wetu wa dini, alikuwa malaika mwenye sura.

Nikaionja kwa kijiko, Baba akiwa kazini.

Bwenini kwetu niliwahi kunywa maji yaliyosuuza soksi za timu nzima ya raga, kwa sababu ya ubishi. Maji yale sasa nayakumbuka kwa heshima. Wiski ya Baba ilianza kama sabuni, ikaendelea kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe, ikaishia kwenye uchungu uliokaa ulimini mpaka wakati wa chai. Baba mwenyewe alikuwa hajaigusa tangu aitie kwenye mwaloni. Alisema mtoto hafunuliwifunuliwi akiwa amelala.

Nikajiambia si kitu, atainywa mwenyewe, yatakuwa yake na Mungu wake.

Ndipo akatangaza, Ijumaa, tukiwa mezani: "Kesho mzee Gilchrist ataonja wiski yangu."

Uma ukanidondoka. "Kwa nini, Baba?"

"Yule mzee anaijua wiski kuliko anavyozijua Zaburi. Akiionja yangu ataona kwamba nyumba hii bado ina watu wazima."

"Baba, mpe bia. Bia yako ina nishani."

"Nimesema wiski."

Mjumbe anayeshika hatima yangu atakuja. Atanyweshwa sumu ile. Ataniona mimi ni mtoto wa nani, na Jumatatu nitakuwa natenganisha matumbo makubwa na madogo. Nikamfuata Bibi chumbani kwake.

"Bibi, najua una chupa ya wiski ya Uskoti nyuma ya sanduku la kofia."

"Nani kakwambia?"

"Niliitafuta likizo iliyopita, nikaikuta."

"Mwizi wewe. Unaitakia nini?"

"Nataka kurudi shule."

Akainama, akaitoa. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Ukikamatwa," akasema, "mimi ni kizee, nimepoteza kumbukumbu, hata wewe sikujui."

Asubuhi ya Jumamosi Baba alipokwenda kunyoa ndevu, nikamwaga ya kwake kutoka kwenye chupa aliyoitenga kwa ajili ya mgeni, nikaisuuza, nikatia ya Bibi. Rangi zilikaribiana kama ndugu. Niliirudisha mezani, nikakaa, nikawa na uso wa malaika wa dirisha la kanisa.

Bwana Gilchrist akafika na tai yake na koo lake la mhubiri. Bibi alikuwa ametengeneza mikate yetu ya kukunja, iliyopakwa jibini na vitunguu, ikaokwa. Mzee akala, akafuta vidole, akanigeukia.

"Kijana, sikuja kwa ajili ya kondoo. Hata mimi enzi zangu nilimpandisha mbuzi darini. Nimekuja kwa sababu ya uongo. Shule inaweza kuishi na mtundu. Mwongo anatuozeshea bweni zima. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mzee."

"Tutaona."

Baba akashindwa kungoja zaidi. Akaleta gilasi. Shati alilovaa lilikuwa lile la harusi ya shangazi yangu.

"Bwana Gilchrist, naomba uonje kitu kabla hatujaendelea. Nimekitengeneza kwa mikono yangu."

Akamimina. Mzee akainua gilasi kwenye mwanga, akanusa, akanywa. Akafumba macho.

"Mungu wangu," akasema taratibu.

Baba naye akanywa. Nilikuwa namtazama. Alikunja uso kwanza, kama mtu anayejiandaa kupigwa, halafu uso ukafunguka. Akanywa tena. Akageuka dirishani, akatugeuzia mgongo, na mabega yakawa yanamcheza.

"Ni mwaloni," akasema. "Mwaloni umefanya kazi. Mama, umeona? Ni lile kabati. Nilijua halikukaa humu ndani miaka yote bure."

Akageuka. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu uwanja wa ndege, tulipokuwa tunampungia Mama mikono na tukiamini habari ya wiki mbili.

Naomba msinipongeze. Kwa dakika ile nilijiona mimi ndiye mtu mwenye akili kuliko wote katika mkoa wetu wa Southland.

"Dougal," akasema Bwana Gilchrist, "huu moshi ndani yake umeutoa wapi?"

"Moshi?"

"Hii ina moshi wa udongo mweusi wa kinamasi. Wanaukaushia shayiri kule visiwani Uskoti. Wewe una kinamasi nyuma ya gereji?"

"Niliziunguza mbao."

"Moshi wa mbao naujua." Akaiweka gilasi mezani. "Na wiski hii naijua zaidi. Krismasi iliyopita nilimletea Bi Isbel chupa yake."

Bibi akapaliwa na chai.

"Umemletea mama yangu wiski?" akauliza Baba. "Kwa nini?"

"Hilo si la leo," akasema Bibi, akijifuta.

"La leo ni hili," akasema Bwana Gilchrist, na sauti ikawa ile ya mimbarini. "Umenikaribisha nyumbani kwako, Dougal, ukanipa wiski yangu mwenyewe ukaiita yako. Nilikuwa najiuliza mtoto uongo kajifunzia wapi. Sasa sijiulizi tena."

"Nimeitengeneza mimi!"

"Usiongeze."

"Nasema nimeitengeneza mimi! Nimekata kabati la mke wangu kwa ajili yake! Njoo gereji uone mtambo! Unaniita mwongo mbele ya mwanangu?"

"Nakuita unavyojiita."

Baba akawa mwekundu, kisha mweupe. Akaangalia gilasi. Akamwangalia Bibi, na Bibi akaangalia mikate. Nilimwona akianza kuelewa kwamba kuna kitu hakijui, lakini bado hajui ni kipi.

Nikipiga kimya, Baba ni mwongo na mimi ni mtoto wa mwongo: kiwandani. Nikisema, mimi ni mwongo mzoefu: kiwandani vilevile. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kusema kweli na kusema uongo vilikuwa na bei moja. Na tabasamu la Baba lilikuwa limekwisha kufa.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyegeuka.

"Ni mimi, mzee. Baba hajui chochote. Wiski yake nimeimwaga nikatia hii. Bibi naye hahusiki. Amepoteza kumbukumbu."

"Kabisa," akasema Bibi.

Baba akanigeukia. "Umeimwaga?"

"Ile ya chupa hii tu. Nyingine ipo gereji."

"Kwa nini?"

Nilitafuta njia ya kulijibu swali hilo bila kulijibu. Mzee Gilchrist akaninusuru, au ndivyo nilivyodhani.

"Kijana, simama." Nikasimama. "Ungeweza kunyamaza. Ungeninyamazia ningeondoka nikimlaani baba yako, wewe ukabaki mtoto wa kuonewa huruma. Umejishtaki mwenyewe. Hilo ndilo nililokuja kulitafuta, na sikutegemea kulipata." Akavuta pumzi. "Jumatatu utarudi shule. Lakini sikiliza. Kuanzia dakika hii, uongo mmoja tu nitakaousikia kinywani mwako, hata wa kumfurahisha mtu, nitakufunga huo mlango mwenyewe. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, mzee."

Ingefaa hadithi yangu iishe hapo, mkafungie maandazi gazeti hili kwa amani.

"Na wewe, Dougal, nisamehe," akaendelea. "Nimekutukana. Niletee ile ya kweli, niinywe kwa heshima."

"Mzee, tunywe chai," akasema Bibi haraka.

"Isbel, nimemkosea mtu nyumbani kwake. Lete, Dougal."

Baba akaenda gereji. Akarudi na chombo kizima, vipande vya kabati la Mama vikielea ndani, jani moja la zabibu bado linaonekana kwenye ubao. Akammiminia. Mzee akanusa, akasita, akanywa kwa ushujaa.

Nilimwonea huruma. Shingo ilimtoka mishipa. Aliimeza kama mtu anayemeza kiapo.

"Dougal," akasema, baada ya kukohoa. "Ulitumia bia yenye hopsi."

Bibi akamtazama Baba, wala hakumkumbusha kwamba alimwonya.

"Ni kosa la mpika bia," akasema mzee kwa upole, na upole ndio uliomuua Baba. "Mtu mwingine asingeweza hata kulifanya. Haitibiki kwa mwaloni. Imwage, uanze na shayiri tupu."

Baba akaketi. Akamimina gilasi yake, akanywa, bila kukunja uso hata kidogo. Akaiweka chini.

"Kwa hiyo ulikuwa umeionja," akaniambia.

"Baba..."

"Ulionja, ukaona aibu. Ukanificha nyuma ya chupa ya bibi yako. Mama yako alifanya hivyohivyo. Alicheka na mimi mezani huku anafunga sanduku kichwani mwake."

"Dougal, mwache mtoto," akasema Bibi.

"Simgusi mtoto." Akamimina gilasi nyingine, akaisukuma juu ya meza mpaka ikanigusa vidole. "Mzee amesema ya kwake. Lakini ruhusa ya kurudi shule inatoka kwangu, siyo kwa bodi. Si ndivyo, mzee?"

Bwana Gilchrist akaitikia kwa kichwa, bila kupenda.

"Basi kunywa, Struan. Halafu mbele ya huyu mzee sema wiski yangu ni nzuri. Neno moja tu. Nataka mtu mmoja katika nyumba hii aseme nimeweza kitu. Ukisema, Jumatatu nakupeleka shule mwenyewe kwa lori la maziwa, na honi nitapiga. Usiposema, Jumatatu uko kiwandani na mabuti yako."

"Dougal," akasema Bwana Gilchrist, "unajua nilichomwambia huyu kijana sasa hivi. Akisema uongo—"

"Najua ulichomwambia. Mimi ndiye baba yake."

Nikamwangalia Bibi. Alikuwa amefumba macho, na safari hii hakuwa anaigiza uzee.

Nikainua gilasi. Nikanywa yote. Sabuni ikapita, majani yakapita, uchungu ukabaki, na pembeni yake, kwa mbali sana, nikasikia harufu ya nguo za Mama.

Baba alikuwa anautazama mdomo wangu. Bwana Gilchrist naye alikuwa anautazama mdomo wangu.

Nikaufungua.